Tulitoboa mlimani Sibwesa, chemchemi ikageuka rangi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni fundi wa mashine ya kuchimba visima, naishi Majengo, Mpanda. Mwaka jana tulipata kazi tofauti: kutoboa mteremko wa mawe yaliyoporomoka, milimani kule Sibwesa, tushushe vipima joto na vipima maji.

Mtaalamu wetu, dada mmoja mpole, alisema nchi za baridi wanatoboa mawe ya hivyo kutafuta barafu iliyoganda ardhini, waone kama inayeyuka. Kwetu barafu hakuna. Yeye alitaka data za joto la mlima na maji yake.

Sasa chini ya mteremko kuna chemchemi. Kijiji kizima kinakunywa pale.

Siku ya kwanza alikuja mama mmoja mkulima, Mama Skola, akauliza kama maji yao yatakuwa salama. Nikamjibu kwa confidence kwamba asiwaze. Sikuwa na uhakika, wakuu. Nilitaka tu aondoke tuendelee.

Siku ya tatu, maji tunayosukuma kupoza bit, kile kichwa cha kutobolea, yakaacha kurudi juu. Yanaingia, hayatoki. Nikazima mashine. Maana yake yalikuwa yamepata njia nyingine huko chini.

Haikupita saa, Mama Skola akapanda na ndoo. Maji ya kijivu kama ya saruji. Hakufoka. Akaiweka miguuni pangu.

"Mwanangu, kunywa wewe kwanza."

Sikunywa.

Dada mtaalamu alishuka naye kijijini, akawaeleza watu ukweli: ule ni unga wa mawe, na huenda tumegusa mkondo wao. Tukaziba shimo kwa udongo wa mfinyanzi, tukawa tunawaletea maji kwa gari.

Kesho yake chemchemi ikapungua. Nilikaa pale naiangalia.

Siku iliyofuata maji yakatoka safi. Ila Mama Skola anasema hayajafikia wingi wa zamani. Mtaalamu anasema labda ukame, labda sisi. Hakuna aliyeyapima kabla, kwa hiyo hatutajua.

Shimo jingine tulitoboa mbali, baada ya mkutano wa kijiji kukubali.

Nilichojifunza: pima chemchemi kabla hujawasha mashine. Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui.

Nyie mliofanya drilling milimani, mkondo ukiguswa hivi, maji hurudi yote? Niambieni hata kama jibu ni baya.