Kopo Lililoshushwa Chomboni

Siku fundi rangi alipomwona yule mjane mara ya kwanza, mama huyo alisimama nyuma ya mashua na patasi mkononi, akiikagua kazi yake kama mama mkwe anayekagua sufuria.

"Fundi, jina umelifunika tu. Hujalitoa."

Kweli fundi alikuwa amepaka mikono miwili ya rangi juu ya jina la zamani, funika kombe mwanaharamu apite. Ubao wa jina jipya ulikuwa tayari, ukingoja misumari. Lakini mabaharia waligoma. Chombo chenye majina mawili, walisema, hakijui kiitike lipi bahari ikichafuka. Jina la zamani lisipotoka kabla maji hayajapwa, hawapandi.

"Jina lenyewe ni langu," mama akasema. "Marehemu aliliandika tulipooana. Mwanangu ameuza chombo, sawa. Lakini sikubali nikwanguliwe na mtu mwingine."

Akakwangua mpaka mbao ikaonekana. Akahamia kwenye boya, kisha makasia, kisha ndoo.

"Pumzika, mama," nahodha mpya akamwambia.

"Nimepumzika miaka thelathini, mume yuko baharini."

Mabaharia wakacheka. Likabaki kopo la kukumbia maji yanayoingia chomboni. Humo marehemu alikuwa amelichora jina kwa ncha ya msumari, herufi ya mwisho ikajipinda kwa kukosa nafasi. Mama akaiweka patasi, akaiondoa, akaiweka tena. Mkono ukakataa. Maji yalishaanza kupwa.

Fundi akajisikia akisema, "Nahodha, mwiko si jina kubaki chomboni? Na kopo likishuka?"

"Likishuka, hatuna neno nalo."

"Tutakumbia nini sasa?" baharia mmoja akauliza.

"Kofia yako!" mwenzake akadakia.

Fundi akagongomea ubao, akafuta kopo lake la rangi, akawapa wakumbie. Mashua ikaondoka. Mama akaenda zake na kopo kwapani.

Mwaka uliofuata mama alimwita fundi ampakie mlango rangi. Mkono wa pili wa rangi hakuuona. Wiki hiyo hiyo alizikwa. Ila siku ya mkono wa kwanza alimletea fundi maji ndani ya kopo lile, akasimama palepale akimngoja.

"Kunywa upesi, fundi. Hilo kopo siliazimi."