Bidon Ndogo ya Mama

Bidon ikishawekwa mawese, hata uisugue kwa mchanga na sabuni, harufu haitoki. Iko moja hapa chumbani kwangu, dumu dogo la njano, na tangu asubuhi nimeifungua kifuniko na kuingiza pua mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye diplome. Kila nikiinusa narudi ufuoni mwa ziwa, Kimanga, mtoto wa shule ya msingi, maji yakiniishia magotini.

Kwanza niwaeleze kinachoninyima utulivu. Nimemaliza chuo kikuu, nimepeleka barua za kuomba kazi kwenye kila mlango wenye kibao, na uliojibu ni mmoja tu: shule fulani ya hapa Uvira inatafuta mwalimu wa kike wa kuwafundisha watoto kuogelea. Prefe, mkuu wa shule, anataka jibu Jumatatu. Kaka yangu alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Diplome yote hii, dada, ni ya kuingia mu maji?"

Nilikuwa nimeshajiuliza hayo na zaidi. Msimu wa mvua, mto Mulongwe ukimwaga matope ziwani, mwalimu wa kuogelea anafanya nini? Akizeeka je? Watoto wote wakishajua, anabaki na kazi gani? Na chini ya maswali hayo kuna moja ambalo sikumwambia mtu: itakuwaje mtoto akizama mikononi mwangu?

Lile swali la watoto wote kujua si jipya. Niliwahi kuliuliza, na nikajibiwa.

Tantine Riziki, mdogo wake mama, alikuwa anaishi kwetu. Kila Jumamosi alikwenda kufua ziwani, nami nilimfuata nimebeba sabuni. Ufuo ulikuwa umegawanyika bila mtu kuugawa. Upande wa mitumbwi ulikuwa wa wavulana, ambao walijifunza kuogelea kwa kusukumana. Upande wa mawe ulikuwa wetu wasichana, na sisi tulikuwa na masufuria ya kusugua. Maji yetu yaliishia magotini. Tantine peke yake, akimaliza kufua, alikaza kikwembe chake mwilini, akaingia, akaenda mpaka kichwa chake kikaonekana kama chungwa lililodondoka ziwani. Wasichana wakaanza kumbembeleza awafundishe. Akakubali, kwa malipo ya kipande cha sabuni.

Mimi niliogopa kuliko wote na niliuliza kuliko wote. Kwa nini bidon inaelea na kokoto linazama? Kwa nini maji ya mbali ni ya buluu na ukiyachota hayana rangi? Samaki akipiga chafya, inakuwaje?

"Weye Mama Kwa-Nini," Tantine alisema, mkono wake chini ya mgongo wangu, "maji haiko na masikio. Lala tu."

Sikulala. Nilikunjamana kama mtu aliyeshtuliwa kitandani, nikameza ziwa, wenzangu wakashika mbavu kwa kicheko. Na muda ulikuwa mfupi. Posa ya Tantine ilikuwa imeshapokelewa. Mvua zikianza, angepanda boti kwenda kwa mume wake, mjini Baraka. Nilijua kwamba akiondoka kabla sijajua, nitabaki mtu wa magotini maisha yangu yote.

Ndipo akaja na bidon. Mama aliuza mawese sokoni, na nyuma ya nyumba bidon zake zilipangwa kwa ukubwa kama watoto mbele ya mpiga picha. Tantine alichukua ndogo kabisa, akaifunga chini ya kifua changu kwa kipande cha kikwembe, na kwa mara ya kwanza miguu yangu ikaachana na mchanga. Nilipiga kelele za furaha mpaka wavulana upande wa pili wakanyamaza.

Shida ilikuwa nyumbani. Mama alikuwa amenikataza ziwa, na alikuwa na kipimo chake, ambacho kila mtoto wa ufuoni anakifahamu: alinishika mkono, akanikwaruza kwa ukucha. Ngozi iliyokaushwa na maji ya ziwa inatoa mstari mweupe, na huo mstari hauna utetezi. Nilifikiri sana, nikapata dawa. Kabla ya kurudi niliingiza kidole mdomoni mwa ile bidon, nikachokonoa mawese yaliyoganda pembeni, nikajipaka mikono na miguu. Niliingia nyumbani nang'aa kama ndizi ya kukaangwa, nzi wawili nyuma yangu.

Mama alininusa. Akanigeuza, akaninusa tena.

"Leo umepikiwa wapi?" akauliza.

Akarudi kwenye moto wake, na baada ya siku hiyo hakunikwaruza tena. Niliamini dawa yangu imeshinda.

Ziwani, jambo lingine likaanza kunisumbua. Kila Jumamosi, kabla hatujaingia, Tantine alinipa mgongo, akainama majini na bidon yangu ili, kama alivyosema, akaze kifuniko. Na kila Jumamosi bidon ilielea chini zaidi kuliko wiki iliyopita. Niliwaza juu ya hilo usiku na mchana, nikafikia jibu moja tu: ninanenepa. Nikaanza kuacha bugali sahanini. Mama akadhani nina minyoo, akaninywesha majani machungu ambayo mpaka leo nikiyakumbuka mdomo unakunjamana.

Jumamosi ya mwisho mawingu yalikuwa yameshika milima. Tantine aliniambia niende kutoka kwenye jiwe la kufulia mpaka mtumbwi uliofungwa upande wa wavulana, kisha nirudi. Nilikwenda. Nilirudi. Nilipokanyaga mchanga nikataka kutoka, lakini bidon ilinivuta nyuma kama mtoto anayekataa kwenda shule. Nilifungua kifuniko. Maji yakamwagika miguuni mwangu, yakamwagika, hayakwisha haraka.

"Tantine! Si ilikuwa inanibeba?"

"Ya kwanza kabisa, ilikubeba. Leo weye ndiye uliibeba."

Njiani kurudi nilimfuata nimebeba bidon tupu. Halafu nikauliza.

"Tantine, sisi wote tukishajua, utafundisha nani?"

Alicheka mpaka beseni la nguo likayumba kichwani.

"Mutazaa," akasema.

Mvua zikaja, boti ikamchukua. Hakuna aliyeendelea na masomo yale. Mawe ya kufulia sasa yako chini ya maji. Ziwa limepanda mpaka vizingitini mwa watu, na wasichana wa leo wanasugua masufuria karibu zaidi na maji ya kina kirefu kuliko tulivyowahi sisi.

Juzi nilimweleza mama habari za prefe, na maswali yangu yote, hata lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Akaendelea kupima mafuta yake. Leo asubuhi nilimkuta uani, anasugua bidon ndogo ya njano kwa mchanga.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mtoto mwenye maswali mengi vile hakuliuliza. Mama huyu, ambaye kizibo kikipotea mtaa mzima unasikia, aliwezaje kukosa bidon kila Jumamosi ya kiangazi kizima na asimwulize mtu?

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Minye ninauza mafuta. Binti yangu anarudi amejipaka mafuta yangu, nisijue?" Alimwaga maji, akaweka mengine. "Riziki ndiye aliomba bidon. Nilimupa."

"Lakini ulinikataza."

"Minye sijui kuogelea. Nilikuwa nakukataza kwa sababu ningekuona unazama, na nisimame tu pale." Alisugua mahali palipokuwa pameshatakata. "Ulivyojua, nikalala usingizi."

Miaka yote hiyo nilidhani ukucha wake ulikuwa unatafuta kosa.

Aliisuuza bidon, akaigeuza imwage maji, akanipa bila kunitazama usoni.

"Ile shule," akasema, "iko inapokea watoto tu? Ao hata mutu mukubwa anaweza kuja?"

Nilimwambia kwamba mtu mkubwa hahitaji shule, Jumamosi tutakwenda wawili. Akasema tutaona, kwa sauti ya mtu ambaye ameshachagua kikwembe cha kuvaa.

Jumatatu nitakwenda kwa prefe. Maswali mengine bado ninayo. Nimeifunga bidon kifuniko mpaka kikagoma kuzunguka. Kwa Jumamosi ya kwanza ya mama, ibaki tupu.