Wimbo Usio na Mahali pa Kuvuta Pumzi

Mume wangu alifariki tarehe 3 Machi 1998. Alikuwa akiongoza bendi ya tarumbeta hapa Kibiti. Nota zote za bendi hiyo nilikuwa nikiziandika mimi. Nilianza shule nikiwa tayari mama wa watoto watatu, na tangu hapo sijawahi kuandika kitu ovyo.

Nikiwa bado ndani ya eda, ikaja kazi ya harusi ya tarehe 6 Juni. Bwana harusi alikuwa na banda la gemu za televisheni, biashara mpya mjini, naye alitaka asindikizwe kwa muziki wa gemu aliyoipenda. Wapigaji walinitumia neno bila kuficha: nikishindwa, watamtafuta mpangaji wa nyimbo Dar es Salaam.

Wifi yangu, dada wa marehemu, aliazima mashine ya gemu kule bandani, tukaiwasha kwa betri ya gari. Nilisikiliza kutwa, vidole vikigonga meza.

"Wifi, eda gani hii ya kupiga ngoma?"

"Si ngoma. Ni hesabu."

"Basi hesabu yako inanitikisa mabega, na msiba ni wa kaka yangu."

Nilizigawa sauti za mashine kwa tarumbeta mbili, tromboni na besi. Mazoezi yalifanyika nyuma ya ua wangu. Tarumbeta ya kwanza ikakatika katikati ya wimbo. Wakarudia, ikakatika palepale.

"Huyu mama anataka nikalale karibu na mumewe," mpigaji alisema, na wenzake wakacheka.

Nilielewa. Mashine haipumui, nami nilikuwa nimeiandika kama ilivyo. Kutoka kuwaeleza haikuwezekana. Nikaketi, nikasimama, nikaketi tena. Kisha nikaukata mstari ule vipande, tarumbeta mbili zipokezane, mmoja akivuta pumzi mwenzake apige. Wifi akapeleka karatasi. Jibu halikurudi.

Siku ya harusi nilizunguka chumbani tangu asubuhi. Msafara ulipokaribia, nilisimama nyuma ya mlango. Mpigaji wa kwanza akafika pale alipokuwa akikwama. Wa pili akapokea, pasipo pengo. Wakauzungusha wimbo tena na tena. Mtu wa Dar es Salaam hakuhitajika.

Lakini besi ilikuwa ikikimbia.

"Wifi, nenda ukamwambie mwenye besi apunguze mwendo."

"Wako barabarani, wanapiga, na bwana harusi yuko mbele yao."

"Basi jifunge khanga vizuri, uwawahi."