Sifuri Nilizomwekea Marehemu

Sijawahi kuisimulia habari hii bila kuangalia chini, na leo pia naangalia chini. Mimi ni mzee wa kanisa huku upande wa Nkoaranga, namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa, ila siku ile ningefurahi kama angenificha katikati ya migomba.

Neema, katibu wetu, alikuwa ameingiza madaftari ya ushiriki kwenye kanzidata ya kompyuta: jina la msharika, mwezi, na huduma aliyopata, na kila tukio lilikuwa na mstari wake. Pasipo na habari hapakuwa na mstari, basi ripoti ikachapishwa na matundu kama shuka lililoliwa na panya (daftari la wagonjwa wanaopewa meza ya Bwana majumbani alikuwa hajaletewa, na aliyelikalia ni mimi).

“Jaza sifuri,” nikamwambia.

“Babu, sifuri ni kusema tumehesabu tukakuta hakuna. Hapa hatujui tu.”

“Binti, kanisa la Mungu haliwezi kuwa na matundu!”

Akacheka, akatii.

Mwezi haujaisha, Mzee Elifasi, msharika wetu wa siku nyingi, akafariki. Kwetu asiyeshiriki meza ya Bwana hazikwi na mchungaji, na mchungaji wetu alikuwa mgeni, hivyo pale uani, jeneza limeshatolewa nje, akaniomba nithibitishe, nami nikavaa miwani, nikasimama mbele ya waombolezaji na karatasi yangu safi, nikasoma mwezi kwa mwezi, sifuri, sifuri, sifuri, kwa sauti ileile ninayosomea Injili (Mungu anisamehe), nikamalizia, “Mwaka mzima hakushiriki.”

Mjane wake, Mama Elia, akainuka.

“Mzee Anaeli, nani alimshikia mume wangu kikombe pale kitandani, mchungaji wa zamani akimwombea? Si wewe? Na Pasaka hii je?”

Nikakumbuka yote. Nikaikunja karatasi, nikaangalia chini. Mchungaji akasema basi, kwa huruma tu ibada iendelee, lakini mama akakataa. “Msimzike kwa kumhurumia. Wanangu, mchukueni baba yenu.”

Wakamzika wenyewe, bila wimbo, bila kengele. Nilipoinama kuchukua udongo, mwanawe mkubwa akaweka koleo mbele ya mkono wangu, akasema taratibu, “Wewe pumzika, mzee.”

Siku hizi nafasi iliyo wazi naiacha wazi mpaka niende nyumbani kwa mtu nikaulize, na sitasoma tena karatasi juu ya jeneza kabla sijakumbuka. Mama Elia alinisamehe, nashukuru. Ila Elifasi hatazikwa mara ya pili.