Tiketi Zimekwisha, Ukumbi Mtupu

Attracta Heneghan hakuwa mtu wa makelele. Miaka thelathini alikaa dirishani katika posta ya Kilcorra akigonga mihuri na kumeza maneno, na alipostaafu akadhani ameshameza ya kutosha. Kumbe mengine yalikuwa yanamngoja kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza.

Kila Juni, kwa miaka kumi na miwili, alitayarisha mchezo mmoja wa Kiairishi, lugha ya asili ya nchi yao, aliyoinyonya kwa mama yake, mwanamke aliyechekwa mjini hapo kila alipofungua kinywa dukani. Mwaka huu Fintan Loftus, mwenye duka la dawa na mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alimwekea sharti.

"Dada Attracta, Ijumaa nusu ya viti visipokaliwa, basi tena. Mwakani vichekesho vya Kiingereza. Mimi mwenyewe sijui hata neno, nitamlaumu nani asipokuja?"

Attracta akaingia barabarani. Alibandika matangazo kanisani, kwa kinyozi, hadi kwa daktari wa mifugo. Na watu wakanunua kwelikweli! Kufikia Jumatano tiketi zote mia na ishirini zilikwisha, akatundika mlangoni kibao cha "Tiketi zimekwisha". Hata wazee wa kijiji cha pwani, wanaozungumza Kiairishi tangu kuzaliwa, walipopiga simu kuomba nafasi za basi zima, aliwajibu kwa fahari kwamba hakikubaki hata kigoda.

Alhamisi akakutana na shoga yake Concepta buchani.

"Nimechukua nne, shoga! Lugha yetu tusipoitunza sisi, aitunze nani?"

"Ahsante mwaya. Mtakaa mbele?"

"Tukae?" Concepta akacheka mpaka akashika kaunta. "Nikasikilize nini mie? Nimechangia tu, mwenzangu!"

Attracta akatoka nje. Akamuuliza mwoka mikate, akamuuliza kinyozi: kila mmoja kachangia, hakuna anayekuja. Mji mzima ulikuwa umeinunua lugha ili usilazimike kuisikia. Akawapigia mbio wazee wa pwani, lakini dereva wao alikuwa keshachukua safari nyingine.

Ijumaa saa mbili usiku, jua la Juni la nchi za kaskazini likiwa bado halijazama, ukumbini walikuwamo watu kumi na saba, watatu kati yao mama za waigizaji. Penye miti hapana wajenzi: tiketi ziko huku, watu wako kule, ng'ambo ya barabara, wanacheka katika baa ya Durkan. Attracta alisimama mlangoni akiwasikiliza, na hapo ndipo alipochoka. Alichoka nao hasa.

"Bebeni kitanda," aliwaambia waigizaji wake wanne.

Mchezo ulihusu ndugu wanaogombea kitanda cha marehemu mama yao. Wakakivusha barabara, wale kumi na saba nyuma yao, wakakisimika katikati ya baa. Attracta akazima televisheni.

"Wenye tiketi, mikono juu!"

Mikono ikapanda kwa majivuno. Wa Fintan nao ulikuwamo, povu la bia likiwa bado mdomoni.

"Vizuri. Mmenunua, hamkuja kuchukua. Nimewaletea."

"Attracta, mama, hata bia yangu haijaisha..."

"Inywe, Fintan. Ukiwa na bia mdomoni hutabisha."

Mchezo ukaanza, nao wakanung'unika dakika kumi. Kisha baa ikatulia polepole, maana ugomvi wa urithi hakuna asiyeujua Kilcorra, uwe wa lugha yoyote. Dada mkubwa katika mchezo akakiinamia kitanda kitupu, akakinong'oneza sentensi moja ya mzaha, bila ishara yoyote. Watu wakabaki wanamtazama tu, hawakuelewa.

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kikamkatikia njiani, akatafuta leso. Alikuwa Fintan.

"Mama alikuwa akisema hivyohivyo," alisema kwa sauti ndogo, na aliyasema kwa Kiairishi safi cha pwani.

Baa nzima ikamgeukia. Uso ulimwiva.

"Miaka kumi na miwili, Fintan!" Attracta alimaka. "Eti sijui hata neno, sijui hata neno!"

"Wangenicheka."

Attracta akamkumbuka mama yake pale dukani, akamwonea huruma. Lakini hasira ilikuwa bado haijamwisha.

"Mwakani," alimwambia, "nunua tiketi moja tu. Halafu uje uikalie."