Joho la Mwenyewe

Kwa miaka kumi na tisa Mwanakombo binti Gharib alikuwa akisimama katikati ya watu wasioelewana. Alikuwa mkalimani mahakamani, mjini Kigoma. Shahidi akisema kwa Kiha, yeye hulileta neno kwa Kiswahili. Hakimu akiuliza, yeye huligeuza swali. Kiha alikinyonya kwa bibi yake mzaa mama. Kiswahili ni cha Ujiji alikozaliwa. Ikifika Ijumaa jioni koo limemkauka, na hata mumewe akimuuliza chumvi iko wapi, humjibu kwa kidole.

Jumamosi ilikuwa siku yake. Baada ya alasiri watu watatu walimjia nyumbani kwake Kasingirima, wakakaa mkekani barazani, wakacheza. Mchezo wenyewe aliuleta mtoto wa dada yake, aliyekuwa akisoma Dar es Salaam: bunda la karatasi za Kiingereza na dadu zenye pande ishirini. Kila mchezaji hujibunia mtu, akampa silaha na vitu vya uchawi. Msimulizi anaeleza kilicho mbele yao, wao wanasema watafanya nini, dadu inaamua kama wamefaulu. Msimulizi alikuwa Mwanakombo. Na kwa kuwa Kiingereza hakikumkaa vizuri fundi Dismasi, anayetengeneza injini za mitumbwi kule Katonga, alizifasiri kanuni zote kwa Kiswahili ndani ya kaunta buku, kidogo kidogo, kila alipotoka kazini.

Jumamosi hiyo walikuwa pangoni mwa joka. Yasmini, muuza dawa wa pale stendi, alikuwa na mpiga upinde aitwaye Zawena, aliyemlea kwa miaka mitatu. Joka likafunua kinywa. Mwanakombo akarusha dadu: ishirini.

"Zawena anateketea," alisema.

"Hateketei, Bi Mwana. Nimevaa joho la moto. Dismasi kaniazima mlangoni mwa pango."

"Kweli, nimemwazima," alisema Dismasi.

Mwanakombo alifungua kaunta buku, akasoma mwandiko wake mwenyewe: *Joho hili humkinga mwenyewe na moto wote.*

"Basi," alisema Yasmini. "Ninayevaa ni mimi mwenyewe."

"Hapana." Mwalimu Elia, anayefundisha hesabu sekondari, aliweka kikombe chini. "Mwenyewe ni mwenye joho. Mwenye joho ni Dismasi."

"Mwalimu, mwenyewe ni yule aliyenalo mwilini!"

"Nikikuazima baiskeli yangu, mtu akauliza mwenyewe nani, utasema wewe?"

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Dismasi alisema joho halina macho ya kumtambua aliyelinunua. Yasmini alisema Mwalimu ana roho ngumu. Wote walimgeukia Mwanakombo, na yeye akahisi kile kitu kinachomshika mabegani kila Jumatatu asubuhi anapoingia mahakamani. Hata hapa, alijiambia. Hata hapa kwenye mkeka wangu.

"Bi Mwana," alisema Elia polepole, "wewe uliliamua jambo hili mwaka jana. Unamkumbuka Kunguru?"

Alimkumbuka. Kunguru alikuwa mtu wa kwanza wa Elia, mwizi mcheshi aliyewavunja mbavu wote. Aliliiba joho lilelile, akaingia nalo motoni akicheka. Mwanakombo alisoma kanuni, akasema si lake, halitamkinga. Kunguru akafa. Elia alikunja karatasi yake, akaaga kwa adabu, na hakuonekana kwa majuma matatu.

"Sikubisha," aliendelea Elia. "Nilisema, huyu ni mkalimani, anajua maneno kuliko mimi. Sasa kama Zawena atapona, Kunguru alikosa nini?"

Yasmini aliinamisha kichwa.

Mwanakombo aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Zile karatasi za Kiingereza zilikuwa chini ya kanga ndani ya sanduku. Tangu amalize kufasiri hakuzigusa. Aliupata ukurasa, akausoma amesimama. Akausoma tena. Neno la Kiingereza halikuwa na utata wowote. Lilisema aliyelivaa, basi. Alikumbuka hata siku alipolifasiri: alitoka kwenye kesi ya mirathi iliyomsimamisha tangu asubuhi, macho yanamwasha, akaandika *mwenyewe* kwa sababu lilikuwa fupi.

Angeweza kurudi barazani akasema panya wamekula karatasi. Wazo hilo lilimpitia. Halafu alitoka, akampa Elia ukurasa ule mkononi.

Elia alisoma. Midomo yake ilicheza kidogo.

"Kwa hiyo Kunguru alikufa bure," alisema.

"Alikufa kwa kosa langu, Mwalimu. Nilichoka, nikaandika vibaya, na nyinyi mkaniamini. Nisamehe."

Dismasi alitaka kucheka, lakini alipowatazama nyuso aliacha.

"Kama unataka, tumfufue," alisema Mwanakombo. "Leo hii. Nitatafuta njia."

Elia alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Nimeshamzika. Nimezoea. Ila liandike neno vizuri, na chini yake uandike kwamba Kunguru hakuwa na hatia."

Akaandika. Alikata *mwenyewe*, akaweka *aliyelivaa*, na chini yake sentensi ya Elia kama ilivyotamkwa. Zawena alitoka motoni mzima, lakini Yasmini hakushangilia. Alimmiminia tu Elia kahawa iliyobaki, ingawa ilikuwa baridi.

Walipokuwa wakivaa viatu, Mwanakombo alimsukumia Elia kaunta buku.

"Mwezi huu simulia wewe."

"Mimi, Bi Mwana? Sauti sina."

"Utaipata. Mimi nimechoka kuwa mdomo wa watu. Nataka nikae hapo mkekani, niambiwe."

Jumamosi iliyofuata alikaa mkekani kama mchezaji. Mtu wake alikuwa mpagazi, jina hakumpa. Elia, akiwa na haya ya msimulizi mpya, alimfungulia sanduku la hazina: humo mna pete yenye nguvu kubwa, imechongwa maneno kwa ndani.

"Yasemaje?" aliuliza Dismasi.

"Msiyasome," alisema Mwanakombo. "Sitaki kitu chenye maandishi. Nipeni kamba na kibuyu cha maji."

Wakampa. Alilaza kichwa kwenye mto, akasikiliza Elia akibabaika na joka lake, na kabla safari ya mchezo haijafika mtoni alikuwa amelala. Yasmini alimfunika kanga miguuni, wakapunguza sauti, na mchezoni mpagazi wake wakambeba wao.