Paa Lililobomolewa kwa Mikono

Moto haukuigusa hoteli ya mama yangu, lakini kabla haujazimwa paa letu lote lilikuwa limelala barabarani.

Ilikuwa Busia, miaka michache baada ya uhuru, kwenye barabara ya kwenda mpakani. Watu wanne walikuwa wamejenga pamoja jengo la vyumba vinne. Kila mmoja alikuwa na chumba chake. Kuta za katikati na paa la mabati vilikuwa vya wote. Chumba cha mwisho kilikuwa duka la nguo la mzee mmoja Mwislamu. Kilichofuata kilikuwa chetu, ambapo mama, mtu wa Marachi, aliuza chai na chapati. Kisha fundi wa baiskeli, kisha mwuza nafaka. Mzee wa nguo peke yake ndiye aliyekuwa na bima, kwa kuwa matajiri wa Kisumu hawakumkopesha vitambaa bila hiyo.

Moto ulianzia kwake mchana, kwenye jiko la mafuta ya taa. Ukapanda mpaka kwenye mbao za paa, ambazo zilipita juu ya vyumba vyote. Fundi alikuwa tayari juu yetu na nyundo.

"Mama, tubomoe ama tungoje?"

"Bomoa! Lakini nitolee sufuria kwanza."

Waling'oa mabati, wakakata mbao kwa shoka. Moto ulifika kwenye ukuta wetu ukakosa pa kupita. Duka la nguo liliisha. Vyumba vya fundi na mwuza nafaka vilipona.

Bwana wa bima alipokuja, alisimama katikati ya hoteli akatazama juu.

"Mama, hapa moto haukufika. Hii imebomolewa na watu. Na bima ni ya chumba cha mzee."

"Haukufika kwa sababu huyu mama alikubali," mzee akasema. "Na mbao za paa, bwana, zilitoka kwangu zikaingia kwake. Nionyeshe zangu ziliishia wapi."

Yule bwana alipima, akapima tena, akasema atawauliza wakubwa wake.

Mvua zilikuwa karibu. Mwuza nafaka alituazima turubai lake, akaanika mtama bila cha kuufunika mvua ikinyesha. Fundi alilifunga kwa mipira ya baiskeli. Wateja walikuja wengi kuliko zamani, wengine wakiwa wametoka tu kunywa chai kwao. Mama aliwakumbuka watu hao katika sala zake mpaka uzeeni.

Kisha lori likaleta mabati mapya ya vyumba viwili, cha mzee na chetu. Mzee alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva.

"Kumbe wamekubali?" mama akamwuliza.

"Mama, unataka paa ama unataka habari? Leta chai."

Mama alimwuliza tena mara nyingi, naye kila mara aliagiza chai. Baadaye alihamishia biashara yake Malaba. Kama kampuni ililipia paa letu, au alilinunua kwa fedha ambazo zingejaza duka lake upya, mpaka leo sijui.